Kope za juu zimelegea na kufunika macho: je, nifanyiwe upasuaji?

Mwalimu_wa_Kisauni:
Ndugu zangu, hamjambo. Mimi ni mwalimu mwenye umri wa miaka 56, naishi Mombasa. Kwa miaka kadhaa sasa ngozi ya kope zangu za juu imelegea, na wanja ninaopaka alfajiri, ikifika saa nne, huwa umehamia kwenye mikunjo. Wanafunzi huniuliza kama nina usingizi, na mume wangu hudhani nimenuna hata siku niliyo na furaha. Nilikwenda kliniki moja ya binafsi, na daktari, kwa muda usiozidi dakika kumi, akasema ataikata ngozi ya juu na kuondoa mifuko ya chini ya macho siku hiyo hiyo. Sikupata nafasi ya kumweleza kwamba nilipotobolewa masikio niliota kovu nene, kwamba macho yangu huwasha kwa ukavu, wala kwamba nameza dawa ya presha na aspirini ndogo kila siku. Naomba ushauri wenu.

Muuguzi_Macho:
Shikamoo Mwalimu. Nimehudumu katika chumba cha upasuaji wa macho kwa miaka tisa, na hayo uliyokosa kuyasema ndiyo ya kwanza kuulizwa. Ukavu wa macho ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ngozi ikikatwa kupita kiasi jicho halifungi sawasawa usiku, na kioo cha jicho hukauka na kuchubuka. Ndiyo maana mpasuaji makini hupima kwanza, akaacha angalau milimita 20 za ngozi kati ya nyusi na mstari wa nywele za kope. Aspirini huongeza damu kuvuja. Ni nadra, lakini damu ikikusanyika nyuma ya jicho inaweza kuleta upofu, kwa hiyo presha nayo lazima iwe imetulia. Hata hivyo usiache aspirini kwa uamuzi wako, bali muulize daktari aliyekuandikia. Kuhusu kovu, ngozi ya kope ni nyembamba mno na makovu ya kuvimba hutokea hapo kwa nadra sana, ingawa historia ya masikio yako ni lazima uitaje.

Tena, si kila kope iliyoshuka ina ngozi ya ziada. Huenda msuli unaoinua kope umelegea, na huo una upasuaji wake tofauti. Au nyusi ndizo zilizoteremka. Kope inayozidi kushuka jioni, au inayoandamana na kuona vitu viwili viwili, huhitaji uchunguzi kabla ya kisu. Ikishuka ghafla pamoja na maumivu makali ya kichwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Bibi_Mstaafu:
Mwenzangu, mimi nilifanyiwa kope za juu pekee, Nairobi, nikiwa na miaka 61. Nilichomwa sindano ya ganzi, nikawa macho muda wote nikisikia wauguzi wakizungumzia bei ya nyanya, na kazi ilikwisha kwa muda wa saa moja hivi. Nyuzi zilitolewa siku ya sita. Wiki mbili za mwanzo uso ulikuwa na wekundu na uvimbe wa kutisha, nikawa nakanda kwa kitambaa baridi na kulalia mito miwili. Wanja nilikatazwa mpaka kidonda kifunge. Mstari wa kovu umejificha ndani ya mkunjo wa kope, hauonekani nikiwa nimefumbua macho. Ila usitarajie mikunjo ya pembeni ya macho wala weusi wa chini kuondoka, maana upasuaji huu hauyagusi hayo.

Baba_Watatu:
Dada yangu, kwa nini uukimbie umri? Mvi na mikunjo ni heshima.

Mwalimu_wa_Kisauni:
Kaka, mvi zangu sizifichi. Ninachotaka ni uso unaosema ninachohisi.

Muuguzi_Macho:
Simama mbele ya kioo, ulegeze paji la uso, kisha uinue nyusi kwa kidole taratibu. Uzito wa kope ukipungua sana, jua tatizo liko juu zaidi, na kukata ngozi ya kope kunaweza kuzivuta nyusi chini zaidi. Chukua pia picha zako za zamani. Na ikiwa ngozi inakuzuia kuona pembeni, omba upimwe upana wa kuona, kwani bima, pale inapokubali, hutazama kipimo hicho na si sura.

Mwalimu_wa_Kisauni:
Ahsanteni sana. Nimejaribu mbele ya kioo: jicho la kulia lilifunguka, la kushoto likabaki vile vile. Ile kliniki sitarudi. Nimeomba miadi kwa daktari bingwa wa macho anayeshughulikia kope, na nimetoa kabatini picha ya kitambulisho ya 1998. Katika picha hiyo kope ya kushoto ilikuwa chini kidogo tayari, jambo ambalo miaka yote hii sikuliona.