Tupeane uzoefu: Uliwahi kumrekodi mzazi, bibi au babu akisimulia maisha yake? Ilikuwaje?

Kitukuu
Wakuu, jana nimesikiliza mama na bintiye wakihojiana kwenye rekodi, watu nisiowajua kabisa, nikajikuta nimeacha kazi. Nikawaza wazee wangu mwenyewe: najua majina yao na magonjwa yao, basi. Waliowahi kumkalisha mzee akasimulia, leteni ya kweli, si ya kupamba.

Sikio la Kufa
Anza na bibi. Babu ni hotuba tupu.

Mama Pacha
Hapo kwenye hotuba 😂 Baba yangu akiona simu mezani anageuka mgeni rasmi. "Mimi nilizaliwa katika familia ya kawaida..." Baba, unaongea na mwanao!

Kimya Kingi
Ndiyo maana mimi narekodi kimyakimya. Simu naiweka kifudifudi, tunapiga stori kama kawaida. Hapo ndipo unapata ukweli.

Wakili wa Barazani
Huo ni wizi, mkuu.

Kimya Kingi
Wizi kwa mama yangu mzazi?

Wakili wa Barazani
Ndiyo. Maisha ni yake. Siku akijisikia kwenye kundi la ukoo anamsema wifi yake utamwambia nini? Mwombe ruhusa, na mwanzoni kabisa mwambie ataje jina lake na kwamba amekubali. Ukimaliza, muulize nani asikie na nani asisikie.

Kimya Kingi
Ukifanya hivyo unapata hotuba ya Mama Pacha. Chagua moja.

Fundi Mawimbi
Mnagombania ruhusa wakati rekodi zenyewe hazisikiki. Zima friji na feni, toa saa ya ukutani, weka simu kwenye hali ya ndegeni, isizidi hatua moja ndefu kutoka mdomoni. Chumba chenye mapazia na makochi, si sebule tupu inayorudisha mwangwi. Na msitumiane kwa sauti za WhatsApp mkadhani mmehifadhi, ile inabana sauti. Rekodini kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, saa moja ni kama MB 600 tu. Nakala tatu, moja isikae nyumba hiyo hiyo.

Mama Pacha
Fundi, mama yangu ukimzimia feni hamhojiani, mnazozana.

Mtoto wa Nyumba Kubwa
Niwape ya kwangu, maana uzi huu umenikuta pabaya.

Mimi ruhusa niliomba. Mzee akavaa shati safi, tukakaa. Tukaenda vizuri: shule, ajira ya kwanza, alivyomfuatilia mama mpaka mama akamwambia aje na wazee wake. Nikatupia swali la kujaza muda tu: "Baba, kuna mtu anakudai?" Nilijua atacheka. Akakaa kimya kirefu. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kusimulia mambo ya shule, kwamba nyumba tunayoishi si yake. Aliijenga kaka yake, baba mkubwa wetu, akaondoka kutafuta maisha akamwachia aitunze, na akafia huko huko.

Sasa baba mkubwa ana mtoto. Sisi tumekua tukimwona anakuja kuomba ada, anasimama mlangoni mpaka aambiwe akae. Mzee akataja jina lake lote, na la baba yake, na la babu, kama mtu anayeandikisha. Halafu akaniambia, "Zima." Nikazima. Akaomba maji ya kunywa, na hatukurudi tena kwenye hilo mpaka Mungu alipomchukua.

Faili ninalo mimi. Dada nilimsikilizisha usiku ule ule, sikuweza kulala nalo peke yangu. Anasema nifute. Mdogo wangu anasema mzee alikuwa anaumwa, akili haikuwa sawa. Ilikuwa sawa kabisa, alinikosoa hadi mwaka niliokosea. Na wiki iliyopita mtoto wa baba mkubwa kanitumia ujumbe: kasikia nina rekodi za baba mdogo, anaomba nimrushie, "nimsikie sauti tu".

Sikio la Kufa
Weeeh.

Kimya Kingi
Futa. Marehemu apumzike na nyinyi mpumzike.

Mama Pacha
Usifute!! Mzee hakutaja jina mpaka la babu kwa bahati mbaya. Alijua simu inarekodi.

Wakili wa Barazani
Rekodi si wosia wala si hati ya nyumba, na kila nchi ina taratibu zake. Tafuta wakili wa kweli, si mimi wa barazani. Ila kuifuta ukijua ilichobeba ni jambo jingine kabisa. Usiiguse.

Sikio la Kufa
Mnaosema futa, nyumba mnazokaa mmeshauliza ni za nani?

Kimya Kingi
Usiniingilie nyumbani kwangu.

Kitukuu
Jamani, mada.

Shangazi Mdogo
Narudi kwenye mada. Mama nimemuuliza kuhusu ujana wake mara nyingi, jibu ni "tuliishi tu". Mwanangu wa darasa la tatu akamuuliza, "Bibi, ulikuwa unamwogopa nani?" Ikafunguka. Mwalimu wa hesabu, kaka yake mkubwa, mchumba wa kwanza ambaye sisi wanawe hatukuwahi kumsikia. Nilikuwa jikoni nimeshika mwiko, nina wivu hata sijui wa nini. Kwa hiyo watumeni wajukuu. Kwetu sisi wanawe wana ya kuficha, kwa mjukuu hawana.

Mtu wa Redio
Shangazi umegusa penyewe. Wamarekani wana mradi unaitwa StoryCorps, aliuanzisha Dave Isay mwaka 2003, kibanda kidogo ndani ya stesheni ya Grand Central, New York. Haji mwandishi wa habari kukuhoji. Wanaingia watu wawili wanaojuana, mtu na bibi yake, mume na mke, wanaongea dakika 40. Wanaondoka na nakala, na wakiridhia nyingine inahifadhiwa Maktaba ya Bunge la Marekani. Nguvu iko kwa anayeuliza: mzee anamjibu mtu wake, si simu.

Sikio la Kufa
Dakika 40? Babu yangu hapo bado anasalimia.

Mtu wa Redio
😂 Basi mruke utoto. Watafiti wa kumbukumbu wanasema wazee hukumbuka zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 hivi. Uliza chumba cha kwanza alichopanga, nani alimfundisha kazi. "Maisha yalikuwaje" si swali, hilo ndilo linaloleta hotuba.

Mama Pacha
Na akinyamaza usimjazie maneno. Nimesikiliza rekodi yangu, nusu nzima ni mimi nasema "eeh, eeh, halafu?"

Kimya Kingi
Wewe Mtoto wa Nyumba Kubwa, umemjibu jamaa au bado?

Mtoto wa Nyumba Kubwa
Nimemkatia ile sehemu ya shule na ajira ya kwanza, nimemtumia asubuhi. Amejibu sasa hivi. "Ahsante sana ndugu yangu. Mbona imekatika, iliyobaki iko wapi?"

Sikio la Kufa
Aisee. Sasa?