Naomba ushauri: dengu za nazi ziwe nzito bila nyama

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada kwa mnaozijua dengu vizuri. Mama yangu ameacha nyama na anakuja kukaa kwetu, nataka nimpikie dengu za nazi nzito za kushiba kabisa, ale na wali au chapati. Ninazo zile ndogo za kahawia za Shinyanga, naloweka usiku kucha, asubuhi namwaga maji nachemsha upya mpaka ziive ndo naunga na kitunguu, saumu, tangawizi, bizari na nyanya, maana nyanya ukiziwahisha dengu hazilainiki hata uchochee moto vipi. Ladha inakuja poa sana ila mchuzi mwepesi, dengu huku maji kule. Nyie mnafanyaje? Jirani anasema niponde dengu kidogo nirudishe sufuriani, mwingine anasema viazi, na hili la magadi mnalionaje, zinaiva haraka kweli na gesi ilivyo bei, ila naona zinapoteza ladha. Tui zito niweke mwishoni kabisa au lichemke nazo? Na karanga za kusaga zinaenda na nazi au nichague moja? Nataka mama ashibe vizuri, asiikumbuke nyama.