Wakuu, mchezo mpya wa bustani ya burudani ukija ni lazima wa zamani uvunjwe?

Kiti_cha_Nyuma

Wakuu, salaam. Nimefungua uzi wangu mwenyewe kwa sababu kila nikiligusa jambo hili kwenye uzi wa mtu naambiwa niache kulialia.

Mnaufahamu ule mto wa Magic Kingdom, bustani ya Disney kule Florida, wenye kisiwa katikati na meli ya mvuke. Siku yake ya mwisho ilikuwa 6 Julai 2025. Ulikuwapo tangu bustani ifunguliwe Oktoba 1971. Sasa maji yamekaushwa, panajengwa eneo la magari ya katuni.

Mama yangu hapandi kitu chochote kinachoinuka. Ukimwambia "hiki ni cha watoto", anakuuliza watoto wa nani. Siku tuliyokwenda naye aliipanda ile meli mara tatu. Alikaa sitaha ya juu, akavua viatu, akaegemeza miguu kwenye mkoba wake, akawa anatazama lile gurudumu la nyuma likichota maji. Mimi kwa ujuaji wangu nikamwambia nahodha haongozi kitu, injini ya mvuke ni ya kweli lakini meli inafuata reli iliyofichwa chini ya maji. Akanijibu hata ingekuwa inavutwa kwa kamba, yeye anachotaka ni upepo na kivuli.

Sasa niambieni, mtu kama mama nitampeleka wapi? Kwenye magari?

Msinielewe vibaya, mimi si adui wa vipya. Rolakosta ya Steel Vengeance, treni la kupanda na kuporomoka kwa kasi, nimeipanda kutwa nzima mpaka mapaja yakawaka. Ninachouliza ni hiki: mpya akija, lazima wa zamani atolewe roho? Na nani hasa anayepima kwamba wakati wake umekwisha?

Haraka_Haraka

Mkuu, pole kwa mama, ila nitakuwa mkweli. Bustani si makumbusho.

Nikupe mfano mmoja tu. Mchezo wa papa, ule wa filamu ya Jaws, pale bustani ya Universal ya Florida ulifungwa Januari 2012. Watu walilia kweli kweli, wengine walipiga picha hadi na pipa la taka la nje. Julai 2014 pale pale pakafunguliwa Diagon Alley, mtaa wa wachawi wa Harry Potter, joka limekaa juu ya benki linatema moto, na wale wale waliolia wakawa wa kwanza kwenye foleni. Mimi nikiwamo. Papa wa plastiki anayeibuka upande uleule, sekunde ileile, mara ya ishirini unamwogopa nini?

Hata Disneyland ya mwaka 1955 na ya leo ni bustani mbili tofauti. Walt Disney mwenyewe alikuwa akisema haitakamilika kamwe maadamu watu bado wana mawazo. Mngekuwapo nyinyi enzi zake mngemfungulia kesi.

Bibi_Chura

@Haraka_Haraka wewe kijana usitutie wote kapu moja. Kuna kuvunja na kuvunja.

Mimi ni wa kundi la Bwana Chura, yule chura wa katuni za Disney, jina langu linajieleza. Mchezo wake Florida ulifungwa 7 Septemba 1998, mashabiki wakaandamana ndani ya bustani wamevaa fulana za kumtetea, haikusaidia. Mwaka uliofuata akaingia dubu mla asali, Winnie the Pooh. Dubu mzuri, simchukii. Lakini tazama kilichopotea: mchezo wa watoto wadogo ambao unaendesha gari kama mlevi, unagongana na garimoshi, halafu unajikuta jehanamu! Hakuna mahakama ya rufaa. Unaingia moja kwa moja kwenye joto na mashetani, kisha mlango unafunguka, karibu tena. Leo ukipeleka wazo hilo kwenye kikao utafukuzwa kabla hujakaa.

Bahati nzuri ule wa California upo hadi leo, tangu 1955. Na pale Florida, ndani ya mchezo wa dubu, ukifika nyumbani kwa Bundi, geuza shingo kushoto haraka. Kuna picha ukutani ya Bwana Chura anamkabidhi Bundi hati ya nyumba. Sekunde mbili, gari limeshapita. Ndivyo walivyotuomba radhi, na mimi nilipokea.

Kwa hiyo jibu langu kwa Kiti_cha_Nyuma: wakibomoa, angalau waache hati ukutani.

Haraka_Haraka

Hahaha, Bibi nimekusalimu. Hilo la jehanamu umenishinda.

Shangazi_wa_Mteremko

Naingilia kidogo, maana mnaongea kana kwamba michezo yote inafungwa kwa uzee tu.

Ule mlima wa maji wa Magic Kingdom ulifungwa Januari 2023 na haukuwa mzee, ulifunguliwa 1992. Shida ilikuwa hadithi yake. Ilitoka kwenye filamu ya 1946 iliyowaonyesha watu weusi wakiimba mashambani kwa raha zao kama vile utumwa ulikuwa pikiniki. Kwa hilo sina chozi. Juni 2024 wakafungua wa Tiana, yule binti wa kifalme mweusi wa Disney, kwenye njia ileile, maji yaleyale, poromoko lilelile. Nimeupanda. Muziki mtamu, mwanasesere wa Tiana anatembeza mikono na uso hadi unasahau ni mashine. Hadithi yenyewe nyepesi kidogo, hakuna wa kumkimbia, kwa hiyo unapoporomoka hujui umeporomoka kwa kosa gani.

Ila nina dukuduku ambalo sijawahi kulisema mahali. Mhusika wa mchezo wa zamani alikuwa Sungura. Anakamatwa na Mbweha, anapikiwa maji, anaomba "nifanye lolote ila usinitupe kwenye miiba", anatupwa kwenye miiba, anaondoka akicheka kwa sababu kwao ni miibani. Nani hapa hakulala akisikiliza Sungura wa namna hiyo? Hadithi hizo zilivuka bahari ndani ya vifua vya waliofungwa minyororo, wakazisimulia kwenye mashamba ya watu, mwisho mwandishi mzungu akazikusanya na sinema ikazichafua. Basi walipofagia sinema, wakamfagia na Sungura. Tokyo bado yupo, lakini Tokyo si jirani.

Sisemi wangeuacha ulivyokuwa. Nasema aliyekosa alikuwa mmoja, waliofukuzwa wawili.

Kiti_cha_Nyuma

Shangazi, hapo umenigusa. Sikuwahi kuliwaza hivyo.

Spana_17

Habari zenu wakuu. Mimi huwa nasoma tu, leo nimeshindwa. Nimefanya kazi ya ufundi kwenye bustani moja kwa miaka mingi, jina naliweka kapuni. Nilikuwa upande wa rolakosta ya mbao.

Kwanza niwaambie kitu kuhusu umri. Rolakosta ya mbao haina umri kama mnavyodhani. Kila alfajiri kabla ya mageti kufunguliwa tunaitembea reli yote kwa miguu, nyundo mkononi. Unagonga ubao, unasikiliza. Mzima unalia "ko". Uliooza unalia "pu", kama unagonga mto wa kulalia. Huo unatiwa alama ya chaki, unang'olewa, unawekwa mpya. Fanya hivyo miaka hamsini, utakuta karibu hakuna ubao ulioanza na wenzake. Scenic Railway ya Luna Park, Melbourne, inatembea tangu 1912, na ile ya Tivoli, Copenhagen, tangu 1914. Zote mbili breki bado inashikwa na mtu anayesafiri ndani ya treni! Hazikuishi kwa bahati. Kuna mtu anagonga nyundo.

Chuma ni habari nyingine. Chuma kinachoka ndani kwa ndani, ufa unauona kwa vipimo, jicho halikusaidii. Nemesis, rolakosta ya chuma ya Alton Towers, Uingereza, ya 1994, waliifunga Novemba 2022, wakang'oa sehemu kubwa ya reli, wakaweka mpya kwa mchoro uleule, ikarudi Machi 2024. Mchezo uleule, mifupa mipya. Na hiyo Steel Vengeance anayoisifu mwenye uzi ni Mean Streak ya 1991, wameacha kiunzi kingi cha mbao, wakalaza reli ya chuma juu yake. Sasa hapo mtaniambia wa zamani alikufa au alioa?

Wengine waacheni waende. Rolakosta ya Kingda Ka, Marekani, ilikuwa na mita 139 kwenda juu, kuliko zote duniani wakati wake, lakini ule mtambo wake wa kuirusha treni ulikuwa unaharibika kila siku. Walipoilipua Februari 2025 mafundi wengi niwajuao hawakulia, walilala usingizi.

Ila lililonifanya niandike ni swali la nani anapima.

Tulikuwa na treni tatu, watu 24 kila moja. Treni tatu zikizunguka vizuri unatoa moja kila sekunde 90, hao ni watu 960 kwa saa. Msimu mmoja tukaandika kuomba magurudumu mapya, tukajibiwa tusubiri bajeti. Tukasimamisha treni moja. Msimu uliofuata tukabaki na moja tu. Treni moja mpaka iende, irudi, watu washuke, wengine wapande, ukague vizuizi vya mapajani, ni dakika nne. Piga hesabu: watu 360 kwa saa. Foleni ileile ya dakika 30 imekuwa zaidi ya saa. Watu wakifika wanatazama ule mstari, wanageuka. Rangi nayo hatukuruhusiwa kupaka upya, kwa hiyo mbele pakaonekana gofu.

Mwisho wa msimu tukaitwa kwenye kikao. Mkubwa mmoja, suruali imepigwa pasi, akatuwekea chati ukutani: waliopanda wamepungua zaidi ya nusu. "Wageni hawaupendi tena mchezo huu." Kimya. Mzee wetu wa zamu, ambaye mikono yake ilikuwa na grisi isiyotoka hata kwa petroli, akasema taratibu, "Ng'ombe umemnyima majani, sasa unamlaumu hana maziwa." Mkubwa akafunga faili.

Ndiyo maana nikisikia "wakati wake umekwisha" huwa nauliza nionyeshwe daftari la vipuri kwanza. Si kila mchezo, sisemi hivyo. Ila ukiona rangi imebabuka, treni moja, taa nusu haziwaki, na miezi inapita, jua uamuzi ulishafanyika, wewe unasubirishwa tangazo tu.

Haraka_Haraka

Mkuu Spana, nimesoma mara mbili. Narudisha nusu ya maneno yangu. Nusu, si yote: papa alikuwa anakwama kila siku hata alipolishwa.

Spana_17

Papa sibishani nawe. Maji na umeme ni ndoa mbaya, waulize waliomhudumia.

Bibi_Chura

Na ule mto wa mama yake huyu, ulinyimwa majani au ulikuwa mzima?

Kiti_cha_Nyuma

Bibi, ulikuwa mzima. Siku tuliyopanda shaba ya filimbi ilikuwa inang'aa unajiona uso. Nadhani tatizo lake lilikuwa haukuwa na foleni. Kitu ambacho mtu anaingia bila kusubiri, wenye chati wanakiona hakina mtu, kumbe watu wako ndani wamevua viatu.

Spana, nikuulize la mwisho. Zile treni mbili mlizosimamisha, zilipelekwa wapi?

Spana_17

Hazikwenda popote. Zilikuwa nyuma ya karakana, zimefunikwa turubai la bluu. Usiku tukimaliza zamu tulikuwa tunazing'oa kifaa kimoja kimoja kuilisha ile iliyobaki. Leo gurudumu, kesho springi ya kizuizi. Ilipofika wiki ya mwisho, ukiinua turubai ulikuta viti tu.