Chipsi za eafraya: za kugandishwa zinatoka krispi, za kumenya mwenyewe zinalegea. Tatizo nini?

Msosi_wa_Tabata
Wakuu, habari zenu. Nina eafraya, ile mashine ya kukaangia kwa hewa ya moto, ya droo, lita 4, wati 1500. Nikiweka chipsi za kugandishwa za supamaketi zinatoka krispi bila hata tone la mafuta. Nikimenya viazi mwenyewe zinatoka nyeupe na zimelegea, au ncha zimeungua na katikati bado kugumu. Ninavyofanya: namenya kilo moja, nakata, nasuuza mara moja, natia chumvi na kijiko cha mafuta, naweka nyuzi 200 kwa dakika 20. Viazi ni vya sokoni, navihifadhi kwenye friji visichipue. Nakosea wapi? Natanguliza shukrani.

Jiko_Kavu
Mkuu, zile za supamaketi si mbichi. Kiwandani zimeshapitishwa kwenye maji ya moto, zikakaushwa, zikakaangwa kidogo kwenye mafuta ndipo zikagandishwa. Mashine yako inamalizia tu. Ukitia kiazi kibichi unaidai ifanye kazi yote ya kiwanda ndani ya dakika 20, na haiwezi, kwa sababu hewa hupeleka joto taratibu sana kuliko mafuta. Maji yakiwa mengi juu ya kiazi, joto lote linaishia kuyafanya mvuke, na kiazi kinaiva kwa huo mvuke.

Kwa hiyo kwanza punguza. Kilo moja ndani ya lita 4 ni nyingi mno, weka gramu 400 hadi 500, kina kisizidi nusu ya kikapu. Chumvi usinyunyize kabla, inavuta maji kutoka ndani na kuyaleta juu, yaani pale pale unapopataka pakauke. Na viazi vitoe kwenye friji leo hii. Kwenye baridi ya friji, nyuzi 4 au 5, wanga wa kiazi hugeuka sukari, ndiyo maana ncha zinaungua kabla katikati hakujaiva. Sukari hiyo ikipata moto mkali ndiyo huzidisha akrilamidi, kemikali ambayo haifai kula nyingi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2017 inawataka hata wauza chipsi wahifadhi viazi kwenye joto la juu ya nyuzi 6.

Sasa fanya hivi. Kata viazi gramu 500 upana wa sentimita 1, vilingane, maana vyembamba vitaungua vinene vikisubiri. Suuza. Weka kwenye sufuria yenye maji baridi lita 1, kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe na kijiko cha chai cha chumvi (hii ya kwenye maji haina shida, utavikausha baadaye). Washa jiko. Maji yakianza kuchemka hesabu dakika 6 hadi 8. Ncha ya kisu iingie bila kusukuma, lakini kipande ukikiinua kisikatike. Siki ndiyo inayokizuia kisivurugike: utomvu unaoshikanisha chembe za kiazi hauyeyuki upesi kwenye maji yenye uchachu. Ladha yake huisikii baadaye.

Chuja, kisha vitandaze kwenye kitambaa safi au sinia kubwa kwa dakika 10 na usivifunike. Hapa ndipo watu wengi wana haraka na hapa ndipo chipsi zinapoharibika. Subiri mvuke uishe na uso wa kiazi uwe mkavu, umefifia, una unga unga kidogo. Ndipo utie kijiko kimoja cha chakula cha mafuta na kugeuza kwa mikono mpaka kila kipande kipate. Bila mafuta kabisa zitakauka bila kupata rangi, mdomoni kama bisi la jana.

Washa mashine tupu dakika 3. Nyuzi 160 dakika 10, tikisa. Halafu nyuzi 200 dakika 8 hadi 10, ukitikisa kila baada ya dakika 4. Toa zikiwa rangi ya dhahabu, usingoje kahawia. Chumvi sasa, zikiwa za moto bado.

Mbatata_na_Waru
Hayo yote sawa, lakini kiazi chenyewe kikiwa cha majimaji hata ufanye nini utasumbuka. Huku Kenya sokoni kumejaa aina iitwayo Shangi kwa sababu inakomaa upesi na kuiva upesi, ila nayo huchipua mapema sana, na ndiyo inayowafanya watu wakimbilie friji. Ukipata Markies au Dutch Robijn chukua, zina unga zaidi. Walioko Rwanda wanaijua Kinigi, ile nyekundu ya ukanda wa volkano, na hawapendi kubadilishiwa.

Kama muuzaji hajui jina la mbegu, na mara nyingi hajui, pima mwenyewe. Changanya kikombe kimoja cha chumvi na vikombe 11 vya maji, koroga mpaka iyeyuke, tumbukiza viazi vizima. Kinachozama kina unga, hicho ni cha chipsi. Kinachoelea ni cha majimaji, kipeleke kwenye mchuzi au saladi. Dalili nyingine: ganda likichubuka ukilisugua kwa kidole gumba tu, kiazi ni kichanga, maji bado mengi. Chenye kijani usile.

Vya kuweka, viweke kwenye gunia au katoni, mahali penye giza na hewa, mbali na jiko. Ulivyokwisha kuvitia friji viache nje wiki moja au mbili, sukari itapungua kiasi. Haitakwisha yote.

Fundi_Wati
Niongeze upande wa umeme, maana mtu anaweza kufuata kila hatua na bado zikatoka nyeupe. Wati 1500 za kwenye kibandiko ni pale umeme unapofika volti 230. Nguvu ya koili haishuki sawasawa na volti, inashuka kwa mraba wake. Volti zikiwa 200, kama jioni mtaa mzima umewasha, unabaki na wati 1,130 hivi, robo nzima imepotea. Kioo kinaandika nyuzi 200 kwa sababu ndizo ulizochagua, si kwamba ndani pamefika. Ukiona mchana zinakubali na usiku zinagoma, kwa mapishi yale yale, ongeza dakika 4 au 5 na upunguze kiasi.

Ekstensheni nyembamba ndefu ni tatizo jingine. Mashine hii inavuta karibu ampea 6.5. Chomeka ukutani moja kwa moja, na kama huna budi tumia waya wa milimita za mraba 1.5. Plagi ikiwa ya moto mkononi, acha.

Pia usitandike foili chini ya kikapu eti kisichafuke. Matundu yale ndiyo njia ya hewa, ukiyaziba sehemu ya chini haiivi. Kuhusu bili usiogope, dakika 25 hazifiki uniti moja.

Msosi_wa_Tabata
Shukrani sana wakuu. Maswali mawili: familia ni kubwa, kilo moja nitaipikaje? Na kuna mtu aliniambia nitie soda ya kupikia badala ya siki.

Bi_Sinia
Soda usiitie kwenye chipsi. Inafanya kinyume cha siki, inalainisha kiazi nje kiwe rojo rojo. Kwa mapande makubwa ya kuoka hiyo ni nzuri kwa sababu ule urojo unakauka kuwa ganda, lakini kipande cha sentimita 1 kitavunjika mikononi mwako.

Kilo moja ipike kwa awamu. Zote zichemshe pamoja kwenye maji lita 2, siki vijiko viwili. Halafu nusu iingie nyuzi 160 dakika 10, itoe itandaze kwenye sinia, iingie nusu ya pili. Kufikia hapo zimeshapoteza maji na zimesinyaa, kwa hiyo unaweza kurudisha zote pamoja kwenye nyuzi 200, dakika 12 hivi, ukitikisa kila dakika 3. Ukitaka za akiba, baada ya ile awamu ya 160 ziache zipoe kabisa, zigandishe zikiwa zimetandazwa, zikiwa ngumu ndipo uzitie kwenye mfuko. Siku ya kula usiziyeyushe. Kutoka friza moja kwa moja nyuzi 200, dakika 12 hadi 15.

Ila kwa Jiko_Kavu, nakupinga kidogo. Kuchemsha si lazima kwa chipsi nyembamba. Kata nusu sentimita, loweka maji baridi dakika 30, badilisha maji mpaka yawe angavu, kausha kwa taulo hasa, nyunyiza konflawa vijiko viwili vya chai kwa gramu 500, kisha mafuta. Nyuzi 180 dakika 15, malizia 200 dakika 4. Sufuria moja imepungua kuosha.

Jiko_Kavu
Kwa nusu sentimita nakubali. Kwa unene wa chipsi za kibandani, hapana, katikati hakutapata ule ulaini wa unga. Na kama unazitaka za zege, yaani chipsi mayai, usijisumbue na ukrispi wowote, yai litazilainisha. Ishia dakika 10 za nyuzi 160 na 5 za 200, upeleke kwenye kikaango.

Bi_Sinia
Hapo sawa. Zikitoka zisiingie kwenye hotipoti wala usizifunike na sahani, mvuke wake wenyewe unazilegeza ndani ya dakika chache. Anayechelewa kufika mezani, zake zibaki ndani ya droo, mashine imezimwa, droo imefunguliwa kidogo. Akifika, nyuzi 200 dakika 2. Kachumbari iwe kwenye bakuli lake.