Kisima cha uwandani Jambiani: kaskazi maji ya chumvi, masika yananuka

MtuWaKusini
Habari za humu. Kisima kimechimbwa huku Jambiani, Zanzibar, uwandani, yaani kwenye ardhi ya jiwe la matumbawe, mita 400 hivi kutoka ufukweni. Kina mita 7, upana mita 1.2, maji yenyewe mita 3. Januari na Februari yanakolea chumvi. Masika yanakuwa matamu, ila siku ya pili baada ya mvua kubwa yana ukungu na harufu. Karo la jirani, yaani shimo la maji ya choo, liko hatua 15. Fundi anataka tuongeze mita 4 kwenda chini. Halafu, si tunaambiwa ardhi inachuja maji yenyewe?

Mchanga_na_Mawe
Inachuja, ila si ardhi yoyote. Mvua ikinyesha, sehemu inarudi hewani, sehemu inanywewa na mizizi, iliyobaki inashuka hadi ikute tabaka lililokwisha kujaa maji. Usafishaji mwingi hufanyika njiani, kwenye udongo wenye hewa ulio juu ya maji: takataka zinanaswa kati ya punje za mchanga, vimelea vinagandamana na udongo na kufa kwa kukawia, bakteria wa udongo wanakula uchafu. Shida ya uwandani ni kwamba hakuna kukawia. Udongo ni kiganja tu, chini yake jiwe lenye mianya na mapango, na maji ya karo yanapita humo kama bombani. Ndiyo harufu yako hiyo baada ya mvua. Ile kanuni ya mita 30 kati ya choo na kisima inafaa kwenye mchanga. Kwenye jiwe lililopasuka hata 30 si dhamana.

Pima na naitreti pia. Ni kemikali inayotokana na mikojo na vinyesi, huyeyuka, na hata mchanga mzuri hauizuii. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani inakolea zaidi. Kikomo cha WHO (Shirika la Afya Duniani) ni miligramu 50 kwa lita, na anayeumia kwanza ni mtoto mchanga wa maziwa ya chupa.

KinaKifupi
Kuchimba zaidi, hapana kabisa! Maji matamu hapo yanaelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Kwa hesabu ya vitabuni, kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na kama mita 40 chini yake (kwenye matumbawe huwa pungufu, maana kupwa na kujaa kunayachanganya). Ligeuze sasa: pampu ikishusha maji sentimita 10 na yakabaki hapo, chumvi inaweza kupanda hadi mita 4. Fundi anataka kuifuata huko huko.

Pandisha mdomo wa bomba la kunyonyea, ukae nusu mita chini ya uso wa maji. Weka pampu ndogo, ivute kidogo kidogo mara nyingi, ijaze tangi. Pampu kubwa ya saa moja ndiyo inayovuta chumvi.

Fundi_Klorini
Kuua vimelea: maji yako ni kama lita 3,400. Chukua gramu 250 za klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70. Tia unga kwenye ndoo ya plastiki yenye maji, usimwagie unga maji. Acha utulie, mimina maji ya juu kisimani ukizungushia kutani, koroga, acha saa 24 bila mtu kutumia. Kisha vuta na umwage mbali na mimea mpaka harufu ya klorini iishe.

Lakini karo likibaki vile, mvua ijayo mnarudi pale pale. Kama chini liko wazi, lipigwe sakafu ya zege na plasta ya saruji ndani, linyonywe na gari kila likijaa. Kisima chako kiinuliwe ukuta nusu mita juu ya ardhi, kiwe na mfuniko na sakafu ya zege inayomwaga maji nje. Maji ya kunywa yavuneni paani wakati wa masika, mkimwaga yale ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege.

MtuWaKusini
Shukrani. Jirani anasema karo lake halijawahi kujaa tangu lichimbwe.

Mchanga_na_Mawe
Basi halina sakafu. Yote yanashuka kwenye jiwe.