Ripoti za programu kukrashi kwenye kompyuta za umma: zitumwe au zizimwe?

Kitasa
Wakuu, habari za jioni. Niko kitengo cha TEHAMA kwenye taasisi fulani ya umma, msiniulize ipi. Kompyuta zetu nyingi zinatumia Ubuntu, ule mfumo endeshi wa bure badala ya Windows, mashine kuukuu lakini zinasukuma. Kuna programu moja ya ofisini inakrashi, yaani inaanguka na kujifunga ghafla, kila mtu akifungua faili kubwa, na /var/crash, folda la ripoti za krashi, imejaa. Mimi nataka ripoti ziwafikie wanaoitengeneza: ama niwashe whoopsie, kiprogramu cha Ubuntu cha kutuma ripoti, ziwe zinaondoka zenyewe, ama niingie kutoka mbali kwa ssh nizitume moja moja kwa apport-cli. Mkuu wa kitengo kagoma. Kasema hakuna hata baiti moja inayotoka humu ndani.

Kwa wasioijua: apport ni programu ya Ubuntu inayoandaa ripoti za krashi, na apport-cli ni sura yake ya terminali, ile skrini ya kuandika amri. Unaielekeza kwenye faili la krashi, inakupa herufi tano. S tuma, V tazama kilichomo, K tunza utume baadaye, I puuza krashi zijazo za toleo hili, C achana nayo. Hakuna kubofya popote, ndiyo maana inafaa kwa mashine iliyo mbali na wewe.

Swali langu si la kwetu tu, ni la ofisi zote za umma: tutume au tuzime?

Chuma Chakavu
Tuma. Programu ya bure, mmeitumia miaka yote bila kulipa hata mia, kitu pekee mnachoombwa ni kusema imeanguka wapi. Hilo nalo mpaka kibali cha katibu mkuu?

Mama Seva
Mkuu Chuma, neno "umma" kwenye kichwa cha uzi umelisoma? Ndani ya ripoti kuna sehemu inaitwa CoreDump. Hiyo ni nakala ya kumbukumbu ya programu pale pale ilipokufa. Kama ilikuwa imefungua orodha ya wagonjwa, majina yamo. Kama mtu alikuwa ametoka kuchapa nywila, inaweza kuwemo. Ni sawa na kumpelekea seremala kabati zima na nguo zako za ndani ili arekebishe bawaba. Na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, kupeleka taarifa za watu nje ya nchi kuna masharti yake. Seva za Ubuntu ziko Kibaha?

Chuma Chakavu
Dada, sheria sheria. Nusu ya wanaolia faragha humu wanatumia Windows iliyochakachuliwa Kariakoo, kaiweka kijana ambaye hata jina hamlijui, na antivairasi kaizima kwanza "ili iingie vizuri". Leo ndiyo mnaogopa apport?

Fundi wa Aggrey
Subiri kwanza. "Kijana ambaye hata jina hamlijui" ni nani? Mimi nina fremu, nina risiti, wateja wangu wananijua kwa jina mpaka la baba. Mtu kanunua laptopu used kwa laki tatu na nusu, nimwambie leseni nayo ni laki kadhaa juu yake? Nikimwekea Ubuntu anarudi kesho yake asubuhi: "Fundi, mbona hii haina Word?" Ongea na unachokijua.

Chuma Chakavu
Nimeongea ninachokijua. Antivairasi unazima au huzimi?

Fundi wa Aggrey
Umeshawahi kufungua hata laptopu moja kwa bisibisi yako mwenyewe?

Kitasa
Wakuu, turudi kwenye mada. Mashine zetu ni Ubuntu, hakuna aliyechakachua chochote.

Nyali Bahari
Mimi niko Mombasa, huku sheria yetu ya data ni ya 2019, na wakubwa wa ofisi bado wanaiona kama mapambo. Lakini mkuu wako ana haki. Mwawakumbuka wale Wachina walioingia kwenye barua pepe za serikali ya Marekani mwaka 2023? Ufunguo wa kidijitali wa kuingilia waliutoa kwenye ripoti ya krashi ya Microsoft. Programu ilikrashi, ufunguo ukabaki ndani ya dampu, ile nakala ya kumbukumbu, dampu likahamishwa kwenye mashine zilizounganishwa na intaneti, wakalichukua. Microsoft wenyewe walikiri. Sasa kama wao limewapita, nyinyi wa mashine kuukuu mtalionaje?

Wakili Mkavu
Nusu ya hiyo hadithi ni chai, ndugu yangu. Septemba 2023 Microsoft waliandika kwamba njia wanayoidhania zaidi ni dampu la krashi ya Aprili 2021. Machi 2024 wakairekebisha taarifa yao: dampu lenye ufunguo huo hawajalipata. Waliingiliwa, hilo halina ubishi, ila hilo dampu unalotupigia ngoma hakuna aliyelionyesha.

Nyali Bahari
Kwa hiyo mimi ni mwongo?

Wakili Mkavu
Nimesema nusu.

Nyali Bahari
Mwongo nusu. Asante sana. Basi chukua nyingine isiyo na nusu: Desemba 2013 gazeti la Der Spiegel liliandika kutoka kwenye nyaraka za siri alizovujisha Snowden kwamba NSA, majasusi wa mawasiliano wa Marekani, walikuwa wakizidaka ripoti za krashi za Windows njiani, ili wajue mashine ya mtu ina kasoro gani. Hiyo nayo irekebishe tuone.

Wakili Mkavu
Hiyo sina ugomvi nayo. Ila ni Windows, na mleta mada kauliza Ubuntu.

Mzee wa Kerneli
Mnabishana bila kufungua faili lenyewe. Ingia /var/crash, utakuta majina kama _usr_bin_fulani.1000.crash. Hiyo 1000 ni namba ya mtumiaji ambaye programu ilimwangukia. Fungua kwa V, usome mstari kwa mstari. Signal: 11 maana yake programu imegusa kumbukumbu isiyo yake. ProcMaps ni maktaba zilizokuwa zimepakiwa. Package na DistroRelease ni matoleo. Hayo hayana siri ya mtu. Macho yenu yaende kwenye ProcCmdline, kwa sababu pale linaandikwa jina la faili lililokuwa likifunguliwa. Apport inajitahidi kufuta jina la mtumiaji na la mashine, inaandika "username" na "hostname", lakini kama karani kaliita faili lake "wanaodaiwa_mikopo_Mbezi", hilo jina litasafiri hivyo hivyo. Na CoreDump haifutwi kitu.

Kingine ambacho hakuna aliyekigusa: whoopsie haitumi dampu moja kwa moja. Inapeleka kwanza vitu vidogo pamoja na saini ya krashi, yaani alama ya kuitambulisha. Seva ikiwa inaijua tayari saini hiyo, haiombi dampu kabisa. Inaomba ikiwa krashi ni ngeni kwake.

Na hapa ndipo mimi nasema tutume. Mwaka 2002 Ballmer, bosi wa Microsoft wakati huo, aliwaandikia wateja kwamba asilimia 20 hivi ya kasoro husababisha asilimia 80 ya makosa, na asilimia 1 tu inasababisha nusu nzima. Walijuaje? Kwa ripoti hizi hizi. Kinachohesabiwa ndicho kinachotengenezwa. Sisi wenye mashine za RAM 2GB na umeme wa kukatika tukizima wote, krashi zetu hazipo kwenye hesabu ya mtu yeyote duniani. Halafu tunalalamika programu zinaandikwa kwa ajili ya mashine za Ulaya. Tatizo vijana wa kubofya hamsomi.

kijana_Makumbusho
"Vijana wa kubofya." Shikamoo mzee. Mimi ni kijana, terminali naitumia kila siku, na nimekuwa nikisoma michango yako humu muda mrefu, lakini kila ukimaliza kufundisha lazima uteme sumu kidogo. Kwani kubofya ni dhambi? Dirisha la apport la kubofya lina kitufe cha kuonyesha maelezo, yale yale ya V. Kutumia skrini nyeusi hakukufanyi uwe msomaji. Nimewaona watu wanabonyeza S kwenye terminali kwa kasi ile ile wanayobonyezea "Nakubali".

Mzee wa Kerneli
Marahaba. Kwenye terminali angalau inakusubiri uchague herufi.

kijana_Makumbusho
Na kwenye dirisha inasubiri nini, mvua?

Mama Seva
Mzee, nimekuelewa vizuri kuhusu V. Lakini nani ataisoma? Kitasa ana mashine ngapi, na CoreDump imeandikwa kwa mtindo wa base64, hata ukiitazama ni ukuta wa herufi. Ukiichomoa kwa apport-unpack bado unabaki na faili la kumbukumbu ambalo unahitaji gdb, programu ya kuchunguza kasoro, ili upate maana. Karani wa masijala hawezi kukwambia humo kuna jina la nani.

Chuma Chakavu
Ndiyo maana yupo mtu wa TEHAMA, analipwa.

Fundi wa Aggrey
Hujajibu la bisibisi.

Pwani Tu
Wakuu, na apport yenyewe si ilikuwa na tundu? Nilisoma mtu anaweza kuiba nywila zote za mashine kupitia apport. Mwaka jana au mwaka juzi. Kama ni hivyo tunabishana nini, iondolewe.

Wakili Mkavu
Mei 2025, kampuni ya usalama ya Qualys ndio waliotoa. Namba ya tundu ni CVE-2025-5054 ya apport, na mwenzake CVE-2025-4598 wa systemd-coredump, chombo cha kazi hiyo hiyo kwenye mifumo mingine, kwa hiyo ukikimbia Ubuntu kwenda Fedora umeikuta huko huko. Na si "mtu yeyote". Ni mtu ambaye tayari ana akaunti kwenye mashine hiyo, aiangushe programu yenye ruhusa za root, yaani za msimamizi mkuu, awahi kuibadilisha na nyingine kabla apport haijamaliza kukagua. Walionyesha kwamba wanaweza kupata heshi za nywila za /etc/shadow. Heshi, yaani nywila iliyogeuzwa isisomeke, si nywila zenyewe. Apdeti zilitoka. Na kwa asiyeweza kuapdeti, kuandika 0 kwenye /proc/sys/fs/suid_dumpable kulitosha.

Pwani Tu
Heshi si ndiyo nywila tu, imevaa kanzu.

Wakili Mkavu
Sawa, nipe heshi yako basi.

Pwani Tu
😂😂 Ng'oo.

Nyali Bahari
Unaona? Heshi tu humpi, lakini dampu zima la ofisi ya watu anataka litumwe.

Wakili Mkavu
Wapi nimesema litumwe? Nionyeshe mstari.

Kitasa
Wakuu, naona kuna wa whoopsie na wa apport-cli, na mnajibizana kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi niko tayari kuacha whoopsie. Je, nikizitazama mwenyewe moja moja, bado mnapinga?

Mama Seva
Bado. Ila napinga kidogo.

Chuma Chakavu
Kwenye Debian, ndugu yake Ubuntu, wala msingekuwa na mjadala huu. Ripoti ya reportbug, chombo chao, unaandika kwa mkono wako, inaenda kwa barua pepe, inakaa hadharani dunia nzima inaisoma pamoja na anwani yako. Hakuna aliyekufa.

kijana_Makumbusho
Mkuu, anwani yako ni yako. Orodha ya wagonjwa si yako.

Fundi wa Aggrey
Umemjibu vizuri. Huyu anapenda kugawa vya wenzake. Sisi mafundi tunaitwa wezi wa leseni, yeye anagawa wagonjwa bure.

Chuma Chakavu
Nani kataja wagonjwa? Mleta mada hajasema ni hospitali. Mama Seva kaleta mfano, nyinyi mmeugeuza ushahidi. Na wewe fundi, ile Windows unayoweka, kile kiprogramu cha kuifungua umekipata wapi? Umekisoma ndani? Umekipitisha kwenye V? Hujui kinatuma nini kwa nani kila usiku, lakini umeshakiweka kwa wateja wako wote wenye risiti.

Fundi wa Aggrey
Kwa hilo la kiprogramu nitakujibu nikifunga fremu. Usiondoke.

Mzee wa Kerneli
Kitasa, kabla hawa hawajamalizana, kuna kitu nilitaka kukuuliza tangu mwanzo. Hiyo programu inayokrashi umeipata kwenye hazina rasmi za Ubuntu mtandaoni au mmeletewa?

Kitasa
Tumeletewa mzee. Mzabuni alikuja na .deb, yaani kifurushi cha kusakinisha, kwenye flashi.

Mzee wa Kerneli
Basi mjadala wote huu hauhusu faili lako. Apport inakagua kifurushi kimetoka wapi. Ikikuta cha pembeni, inakwambia si kifurushi rasmi cha Ubuntu na inagoma kutuma. Hata mkuu wako angekubali leo, hata ungebonyeza S mpaka kibodi ivunjike, ripoti isingeenda popote. Na ingeenda, Ubuntu wangeifanyia nini? Msimbo hawana.

Fanya hivi. apport-unpack, kisha jina la faili, kisha folda tupu. Kila sehemu itajitenga kuwa faili lake. CoreDump iache hapo hapo, usimpe mtu. Ukiwa na gdb, fungua dampu kwenye mashine ile ile, chukua mfuatano wa fankisheni, yaani bt ya kawaida. Usichukue "bt full", maana hiyo inamwaga na thamani zilizokuwemo, na hata bt ya kawaida pitisha macho kwenye mabano kabla ya kuituma. Mpelekee mzabuni hiyo pamoja na matoleo.

Mama Seva
Na kabla ya kumpelekea hata hiyo, angalia mkataba wenu na mzabuni unasemaje kuhusu taarifa. Seva zake nazo huzijui ziko wapi.

Kitasa
Mkataba uko kwa manunuzi. Nitauomba Jumatatu, wakinipa.

Chuma Chakavu
Kumbe programu ya kulipia! Mzabuni kalipwa, halafu nyie ndio mnamfanyia kazi ya kutafuta kasoro bure? Hapo mimi napinga kabisa. Zimeni.

kijana_Makumbusho
Mkuu, jibu la kwanza la uzi huu ni lako na neno la kwanza ni "Tuma".

Chuma Chakavu
Nilisema programu ya bure. Rudi usome.

Fundi wa Aggrey
Nimefunga fremu. Haya, tuanze na antivairasi.