Wakuu, kuna mtu kaweka max-height: 9999px (kikomo cha urefu) kwenye menyu yangu ya tovuti

Wakuu, nimechafukwa. Yule bingwa wa "hiyo si kazi ya dakika mbili tu?", mnamjua, kila ofisi inaye, leo kanidhalilisha mbele ya mteja.

Menyu ilikuwa inateleza safi. Nilitumia CSS, lugha ya mwonekano wa kurasa: grid-template-rows, safu kutoka 0fr (sifuri) kwenda 1fr (urefu wake wote), na overflow: hidden (kinachozidi kinafichwa) kwa boksi la ndani. Inafuata urefu wa maudhui yenyewe, basi. Bwana mkubwa kaona ngumu, kafuta kimyakimya, kaweka max-height: 9999px na transition (muda wa kubadilika polepole) ya sekunde 2. Menyu ina pikseli 300! Kufungua inafyatuka. Kufunga ndiyo balaa: brauza inashuka kutoka 9999 huku machoni hakuna kinachosogea, zaidi ya sekunde nzima imegoma kama punda, halafu puu, inaanguka.

Mteja kabofya ifunge. Kimya. Kabofya tena, ikaghairi kufunga. Ndipo yule bingwa anasema, "Muulizeni aliyeijenga." Huku ananitazama mimi! 9999! "Muulizeni aliyeijenga"!!!

#2 Pole mkuu. Ila ungetumia slideToggle ya jQuery, ile maktaba ya JavaScript, usingekuwa unalia hapa.

#3 @2 maktaba nzima kwa menyu moja? Ndiyo nyie kurasa zenu zinafunguka kesho. Chrome tangu toleo la 129 ina interpolate-size: allow-keywords, height: auto (urefu wa maudhui) inateleza yenyewe.

#4 @3 na wenye Firefox wakale wapi?

#5 Uzi mrefu, hoja moja. Git ipo, inatunza matoleo ya zamani, rudisha code yako ukalale.

#6 (mleta mada) Code nimerudisha. Yale maneno mbele ya mteja nayarudishaje? "Muulizeni aliyeijenga"!

#7 Afadhali wewe. Wa kwangu kaweka menyu inayofunguka kwa :hover tu (mshale wa mausi ukielea juu yake). Kwenye simu kidole kinaelea wapi?

#8 Wa kwangu anabadilisha height kwa JavaScript kila fremu, na scrollHeight (urefu wa maudhui yote) anaisoma humohumo kwenye kitanzi. Brauza inapanga ukurasa upya kila mara, simu inachemka.

#9 Na hakuna hata mmoja wenu aliyetaja prefers-reduced-motion, ile ya kuheshimu mtu aliyechagua kupunguziwa mijongeo. Kuna watu hizo mbwembwe zenu zinawapa kizunguzungu.

#10 @7 hiyo ya :hover uliitatuaje? Ninayo hapa na kesho asubuhi inaenda hewani.